Asubuhi katika Soko la Samaki la Kesennuma

Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, kiasi cha kilomita 400 kutoka Tokyo, pana bandari iitwayo Kesennuma. Bandari hii haikujengwa kwa ajili ya abiria wala shehena kubwa za biashara. Ni bandari ya samaki. Mgeni aingiaye mjini humo hana haja ya kuuliza watu wake wanaishi kwa kazi gani, kwa maana viwanda vya barafu, karakana za meli, malori yaliyobeba masanduku na harufu ya bahari humjibu kabla hajafungua kinywa.

Soko la samaki la mji huo linajulikana katika Japani nzima. Kuanzia mwaka 1997, kwa zaidi ya miaka 25 mfululizo, bandari ya Kesennuma ilishika nafasi ya kwanza nchini kwa wingi wa katsuo wabichi wateremshwao gatini. Katsuo ni samaki wa ukoo wa jodari, mnene, mwenye mistari myeusi tumboni, na Wajapani humpenda sana. Lakini sifa ya soko hili haitokani na wingi wa samaki peke yake. Mwaka 2011 bahari ilililipua na kuliharibu pamoja na mji, na watu wake walilifungua tena baada ya siku 104 tu, wakati nyumba zao za kudumu zilikuwa hazijaanza kujengwa. Mtu atakaye kufahamu kwa nini walitanguliza soko, na aende akalitazame alfajiri, wakati kazi inapofanyika.

KABLA YA MJI KUAMKA

Mwezi wa Juni jua la Kesennuma huchomoza kabla ya saa 10:30 alfajiri, na hapo soko limekwisha kuamka zamani. Meli zimeingia usiku, zikafungwa gatini kwa kufuatana, taa zao zikimulika maji. Juu yake huruka shakwe wengi. Aina moja ya shakwe hao Wajapani humwita paka wa bahari, kwa kuwa mlio wake ni kama wa paka mwenye njaa.

Mgeni haruhusiwi kutembea ovyo kati ya samaki. Hupanda ngazi mpaka kwenye ujia wa juu uliotengenezwa kwa watazamaji, na kutoka huko huona kazi yote chini yake. Utaratibu huo una maana. Jengo jipya la soko, lililokamilika mwaka 2019, lina sehemu iliyozungushiwa kuta na kutiwa ubaridi, ili ndege, vumbi, jua na viatu vichafu visiwafikie samaki. Watu wa chini huvaa mabuti ya mpira na kofia, na sakafu huoshwa kwa maji kila wakati.

Katsuo hutolewa matumboni mwa meli wakapita juu ya mkanda mrefu uendao kwa mtambo. Pande mbili za mkanda wamesimama watu, wanaume na wanawake, wakiwachagua kwa ukubwa na kwa hali. Mikono yao huenda upesi kuliko macho ya mtazamaji. Huyu mkubwa huku, yule wa kati kule, aliyechubuka pembeni. Hakuna mazungumzo mengi. Kila kundi hutiwa katika matangi yaliyojaa maji na barafu, na vigari vya kuinulia mizigo huyachukua na kuyapanga kwa safu. Muda si mrefu sakafu yote, iliyokuwa tupu, huwa kama shamba lililopandwa kwa mistari.

Upande mwingine wa soko hulazwa samaki wakubwa mmoja mmoja. Wapo jodari, na wapo samaki wenye pua ndefu kama upanga, jamaa za nduaro, ambao Kesennuma hujulikana kwao kuliko bandari nyingine za Japani. Wapo pia papa, safu kwa safu. Watu wa pwani ya Kenya wamjuao papa mkavu wangefurahi kuona jinsi mnyama huyu anavyotumiwa huko bila kutupwa kitu. Nyama yake hupondwa na kufanywa mikate laini ya samaki, ngozi hutengenezwa pochi na mikanda, mifupa yake laini huingia katika dawa za kuongeza nguvu, na moyo wa aina moja ya papa huliwa mbichi na wenyeji kama kitu cha anasa. Mapezi hukaushwa na kuuzwa kwa bei kubwa kwa supu ya Kichina. Wako watu wengi ulimwenguni walaumuo biashara ya mapezi, kwa kuwa wavuvi wengine hukata mapezi tu na kumtupa papa baharini. Gatini pa Kesennuma papa huonekana na mwili wake, na wafanyakazi wa viwanda kadha wa kadha hupata riziki kwake.

BEI YA SAMAKI

Wanunuzi hufika mapema. Hutembea polepole kati ya matangi, kofia zao zikiwa na namba za kuwatambulisha, na kila mmoja hutazama kwa njia yake. Hutazama jicho kama li angavu, na matamvua kama yangali mekundu. Hubonyeza ubavu kwa kidole ili kujua kama nyama imekaza. Kwa jodari, mkia hukatwa kidogo, na mnunuzi hutazama rangi na mafuta ya nyama pale palipokatwa. Kazi hii haifundishwi kwa kitabu. Kijana humfuata mzee miaka mingi kabla ya kuaminiwa kununua peke yake.

Katika Japani kuna njia mbili za kuuza samaki sokoni. Njia ya kwanza ni mnada wa sauti, ambao dalali hupaza bei na wanunuzi humjibu kwa vidole. Watu wa Lamu, Malindi na Unguja watautambua mara moja, maana kwao pia samaki huuzwa ufukoni kwa mnada. Njia ya pili ni ya kimya. Kila mnunuzi huandika bei yake pasipo kuonyesha wenzake, kisha bei zote hutazamwa pamoja, na aliyetaja kubwa ndiye mwenye mali. Katika bandari kama Kesennuma, ambapo meli moja huweza kuleta makumi ya tani, njia hii ya siri hutumika sana. Hapo mtu hana nafasi ya kusikiliza jirani yake kwanza. Akiandika kidogo mno, hukosa samaki na wafanyakazi wake hukaa bure siku hiyo. Akiandika kikubwa mno, hupata samaki na hasara pamoja.

Mauzo haya huendeshwa na chama cha ushirika cha wavuvi. Chama hupima samaki, hutangaza mzigo wa kila meli, hupokea fedha kwa mnunuzi na kumlipa mwenye meli, nacho hukata ada yake. Wakulima waliopata kuuza kahawa, pareto au maziwa kwa njia ya ushirika watafahamu uzito wa kazi hiyo. Nahodha aliyetoka mkoa wa mbali hawajui wanunuzi wa Kesennuma, wala wao hawamjui. Wote wawili huuamini mzani wa chama na kalamu ya karani wake. Mzani ukidanganya siku moja, habari huenea katika meli zote kabla ya jioni, kwa kuwa samaki mmoja akioza huoza wote.

Baada ya bei kutangazwa, karatasi hubandikwa juu ya matangi, na utulivu wote hukoma. Magari huja, barafu humwagwa, masanduku hufungwa, na malori huondoka kuelekea Tokyo na miji mingine. Samaki aliyekuwa melini alfajiri huweza kuwa njiani kwenda mji wa mbali kabla watoto hawajaingia darasani. Hapa ndipo methali isemayo chelewa chelewa utamkuta mwana si wako inapoonekana kwa macho, kwa maana kila saa ipitayo hupunguza thamani ya mali.

MIKONO MINGI NYUMA YA SAMAKI MMOJA

Mtu akitazama soko tu, atadhani kazi ni ya watu wawili, avuaye na anunuaye. Lakini meli ya katsuo haiji Kesennuma kwa kupenda jina lake. Meli nyingi kati ya hizo ni za mikoa ya kusini, kama vile Kochi na Miyazaki, mbali sana na hapo. Katsuo huufuata mkondo wa maji ya moto uitwao Kuroshio, maana yake mkondo mweusi, wakipanda kaskazini majira ya kuchipua na ya joto. Mbele ya pwani hii mkondo huo hukutana na mkondo wa baridi uitwao Oyashio, maana yake mkondo mzazi, kwa kuwa hulea viumbe vingi. Pakutanapo maji hayo mawili pana chakula tele, na samaki hujaa. Majira ya vuli katsuo hurudi kusini wakiwa wamenenepa, na wavuvi huwafuata tena.

Wavuvi hao huvua kwa fimbo na ndoana. Hubeba dagaa hai ndani ya meli, huwatupa baharini kwa wingi, na kunyunyiza maji juu ya uso wa bahari ili katsuo wadhani kundi kubwa la dagaa linaruka. Katsuo wakichangamka, wavuvi husimama ukingoni kwa safu na kuwavuta mmoja baada ya mmoja. Ndoana yao haina jino la kushikia, hivyo samaki hujitoa mwenyewe anapoanguka melini, na mvuvi huirudisha ndoana baharini papo hapo. Samaki aliyevuliwa hivyo hachubuki kama yule wa wavu, na bei yake huwa nzuri.

Basi meli kama hiyo huhitaji dagaa hai, na dagaa hao hupatikana katika ghuba ya Kesennuma. Huhitaji pia barafu, mafuta, chakula cha mabaharia, fundi wa mtambo, na duka la nyavu na kamba. Mnunuzi naye huhitaji masanduku, malori, ghala za baridi na viwanda vya kutengeneza samaki waliobaki. Mmoja katika hao akikosekana, meli huenda bandari nyingine, na ikizoea kwenda huko haina sababu ya kurudi. Bandari ya samaki ni mnyororo, na nguvu ya mnyororo ni pete yake iliyo dhaifu kuliko zote.

SIKU BAHARI ILIPOINGIA MJINI

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Japani ya kaskazini-mashariki. Baadaye likaja wimbi la tsunami. Katika nchi nzima watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena, na katika mji wa Kesennuma peke yake zaidi ya 1,200. Watu wengi waliokuwa karibu na gati walipanda juu ya paa la soko la samaki, na kutoka hapo waliona maji yakichukua nyumba, magari na meli kama vijiti. Soko lililowalisha ndilo lililowaokoa siku hiyo.

Kwenye mdomo wa ghuba palikuwa na matangi 23 ya mafuta ya meli, na maji yaling'oa 22 kati yake. Mafuta yakamwagika, yakashika moto, na usiku huo bahari yenyewe ilionekana ikiwaka. Meli moja ya uvuvi ya tani 330 ilibebwa mamia ya mita mpaka katikati ya mtaa, ikakaa hapo juu ya nchi kavu zaidi ya miaka miwili. Wako waliotaka ihifadhiwe iwe ukumbusho. Lakini wananchi walipoulizwa maoni, wengi walisema iondolewe, na mwaka 2013 ikavunjwa. Waliopita chini yake kila siku, nao wamefiwa, hawakuhitaji chombo cha kuwakumbusha.

Ardhi nayo ilishuka. Gati la soko, ambalo kabla ya hapo lilikuwa juu ya maji, lilizama hata maji yalipojaa yalifunika sakafu. Viwanda vya barafu vilivunjika, na samaki waliokuwa katika ghala za baridi waliozea humo. Kwa hesabu ya kawaida ya mwanadamu, mwaka huo ulikuwa umekwisha.

Lakini watu wa soko walihesabu kwa kalenda ya samaki. Walijua kwamba mwezi wa Juni katsuo watafika mbele ya pwani yao, tsunami au si tsunami, na meli za kusini zitakuwa nyuma yao. Meli hizo zikikosa soko Kesennuma mwaka huo, zitateremsha mahali pengine, na barafu, masanduku, viwanda na malori vitawafuata huko. Basi chama cha ushirika, wanunuzi, wenye barafu na wenye masanduku walifanya kazi kwa shabaha moja, kuwa tayari kabla ya katsuo. Sehemu ya gati iliinuliwa kwa kujazwa. Tarehe 23 Juni soko lilifunguliwa, na siku chache baadaye katsuo wa kwanza waliteremshwa. Walikuwa wachache kuliko miaka ya nyuma, maana barafu na ghala hazikutosha. Hata hivyo, mwaka huo huo wa msiba, Kesennuma ilibaki ya kwanza katika Japani kwa katsuo wabichi.

Mtu aweza kuuliza, je, ni haki kutengeneza soko wakati watu wangali wanalala katika nyumba za muda, na wengine wangali wanatafuta maiti za jamaa zao? Swali hili si dogo. Jibu la Kesennuma lilikuwa kwamba nyumba bila kazi haimzuii mtu kuhama. Mji ulikuwa na watu 74,000 hivi kabla ya msiba, na sehemu kubwa yao ilipata riziki, moja kwa moja au kwa njia nyingine, kutoka gatini. Kila meli iliyofunga kamba asubuhi iliwapa watu mia moja sababu ya kuamka.

MAMBO YASIYOKWISHA

Asije mtu akadhani kwamba taabu za Kesennuma zimemalizika. Watu wa mji wamepungua hata kuwa chini ya 60,000, na vijana wengi huenda mijini. Melini, mahali pao pamechukuliwa na vijana kutoka Indonesia, wanaojifunza lugha na kazi pamoja. Wengi wao ni Waislamu, na mwaka 2019 palifunguliwa mjini mahali pa wao kusalia. Katika sikukuu ya bandari huandamana barabarani na ngoma zao, na wenyeji huwashangilia.

Bahari nayo inabadilika. Yuko samaki mwembamba wa vuli aitwaye sanma, ambaye zamani alikuwa chakula cha maskini na tajiri. Mwaka 2008 Japani ilivua sanma zaidi ya tani 300,000. Mwaka 2022 walipatikana kiasi cha tani 18,000 tu. Maji yamepata joto, samaki wamekwenda mbali, na mataifa mengine pia huwavua huko kwenye bahari kuu. Soko lililoshinda tsunami haliwezi kuushinda upungufu huo kwa kujenga gati.

Wako wavuvi walioanza kutafuta dawa upande wa bara. Tangu mwaka 1989, wafugaji wa chaza wa ghuba hiyo, ambao kiongozi wao wa kwanza alikuwa marehemu Hatakeyama Shigeatsu, wamekuwa wakipanda miti katika mlima Murone, utokako mto umwagikao katika ghuba yao. Waliona ya kuwa maji yapitayo katika msitu mzuri huleta baharini rutuba ya kuwalisha viumbe wadogo, na hao huwalisha chaza na samaki. Ajabu ya mvuvi kushika jembe iliwachekesha wengine mwanzoni. Mkulima wa mlimani asomaye habari hii hatacheka, kwa kuwa yeye naye amekwisha kuona udongo wa shamba lake ukienda na mvua.

Meli za Kesennuma za kuvua jodari huenda mbali sana, mpaka Bahari ya Hindi na Bahari ya Atlantiki, na mabaharia huweza kukaa karibu mwaka mzima bila kuona kwao. Siku ya kuondoka, jamaa husimama gatini wakipunga bendera za kuwaombea heri, na tepu za karatasi za rangi nyingi hutandwa kati ya meli na nchi kavu. Meli ikisogea, tepu hukatika moja moja. Wanawake wa bandari hubaki wakipunga mpaka meli ipotee.

Saa tatu asubuhi soko la Kesennuma huwa tupu tena. Sakafu imeoshwa, matangi yamegeuzwa, karani anafunga hesabu, na mgeni akikawia kule juu ataona simenti yenye maji tu. Mahali hapo pamewahi kufunikwa na bahari yote. Kesho yake, kabla ya jua, mzani utatolewa tena na kuwekwa mahali pake, na nahodha asiyemjua mtu yeyote mjini humo atateremsha samaki wake bila hofu.